Baba ameacha sigara, mbona bado anatweta?

Swali: Assalaam alaykum Daktari. Naandika kutoka Langoni, Lamu. Baba yangu ni mvuvi wa miaka 63. Alianza sigara akiwa na miaka 17, kiasi cha kumi kwa siku, akaziacha miaka miwili iliyopita mwezi wa Ramadhani na hajarudia. Lakini siku hizi akipanda ngazi kwenda juu husimama katikati kutweta, na kila asubuhi hukohoa belghamu. Hospitali wametwambia mapafu yameharibiwa na sigara, na kwamba maradhi haya hayaponi, hutulizwa tu. Wenzake barazani wamwambia, "Ulipokuwa ukivuta hukuwa hivi, hebu rudia hata moja moja kifua kifunguke." Mama naye apikia kuni na makumbi. Naomba unieleze: huo moshi ulifanya nini huko ndani, na kwa nini ameacha lakini ugonjwa haumwachi?

Jibu: Wa alaykum salaam, mwanangu, na mpe mzee pole zangu. Maradhi unayoyaeleza yanafanana na yale tunayoyaita COPD, yaani ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa mapafuni. Nianze na hao wenzake wa barazani, kwa sababu ushauri wao unanitia hofu kuliko jambo jingine lolote katika barua yako. Si kwamba wameongopa. Mtu akiacha sigara, huweza kukohoa zaidi kwa majuma kadhaa, na hilo wameliona kwa macho yao. Walichokosea ni kudhani kwamba sigara ndiyo iliyokuwa ikimtuliza.

Njia kubwa za hewa, kuanzia kooni hadi kwenye mirija inayoingia mapafuni, zimefunikwa ndani na seli zenye vijinywele vidogo visivyoonekana kwa macho. Vijinywele hivyo hupiga kuelekea juu usiku na mchana, vikiusukuma ute mwembamba ulionasa vumbi na vijidudu hadi kooni, nasi twaumeza bila hata kujua. Moshi wa sigara huvilegeza, na miaka ikienda huvifupisha na kuviua. Wakati huohuo tezi za ute hunenepa na seli zinazoutoa huongezeka, hata zikatokea kwenye mirija midogo ambako kwa kawaida ni chache mno. Ute umezidi na wa kuusukuma hakuna; mwili unabaki na njia moja tu ya kuutoa, nayo ni kukohoa. Ndicho kile kikohozi cha alfajiri ambacho wavutaji wengi hukiona ni jambo la kawaida, eti mtu anasafisha koo. Mtu akikohoa belghamu siku nyingi kwa miezi 3 au zaidi katika mwaka, miaka 2 mfululizo, na hakuna ugonjwa mwingine wa kueleza hali hiyo, sisi twasema ana mkamba sugu.

Akiacha, vijinywele hupata nafuu na ute uliokuwa umelala chini huanza kupanda. Basi kikohozi kinaweza kuongezeka, kisha hupungua kadiri miezi inavyopita. Akirudia sigara moja moja, kikohozi kinaweza kweli kutulia, lakini ni kwa kuwa wasafishaji wamelazwa tena na uchafu umeachwa ndani.

Hata hivyo miaka miwili ni mingi mno kwa maelezo hayo peke yake. Baba yako bado anakohoa, na kubwa zaidi, anatweta. Kutweta kwake hakutoki kwenye hiyo mirija mikubwa. Kunatoka chini zaidi, mahali ambapo moshi hufanya kazi yake kimyakimya kwa miongo.

Bomba la hewa likifika kifuani hugawanyika mara mbili, kila tawi nalo hugawanyika tena, hivyo hivyo kwa takriban ngazi 23, mpaka hewa ifike kwenye vifuko vidogo sana. Mtu mzima ana vifuko hivyo kati ya milioni 300 na 500. Kuta zake, pale hewa inapokutana na damu, ni nyembamba kuliko hata elfu moja ya milimita. Ndipo oksijeni inapoingia kwenye damu na hewa chafu inapotoka. Ndani ya kuta hizo mna nyuzi za protini iitwayo elastini, zinazovutika tunapojaza kifua na kurudi zenyewe tunapopumua nje. Zingatia hilo la kurudi, kwa sababu mtu mzima wa afya akiwa ametulia hatumii nguvu yoyote kutoa pumzi. Mapafu hujikunja yenyewe kwa nyuzi hizo.

Kabla ya kufika kwenye vifuko, hewa hupita mirija myembamba isiyozidi milimita 2 kwa upana. Mirija hii ni mingi mno, na kwa wingi wake ikiwa pamoja huchangia sehemu ndogo tu ya uzito wa kupumua. Maana yake ni kwamba mengi kati ya mirija hiyo yanaweza kuziba au kutoweka kabisa na mtu asihisi chochote. Ataendelea kuvuta nyavu, kubeba madumu ya maji na kuteremka gatini mbio. Mnamo 1968 James Hogg na wenzake huko Kanada walipima mapafu ya watu waliokufa na wakaonyesha kwamba katika ugonjwa huu kizuizi kikubwa kimo humo, kwenye mirija midogo. Uchunguzi wa picha za kina uliofanywa baadaye, mwaka 2011, ulionyesha kuwa mirija ya mwisho kabisa huanza kupungua kabla vifuko havijaonyesha matundu. Kwa hivyo mzee hakuugua alipoanza kutweta. Aliugua zamani, huenda akiwa na miaka arobaini na kitu, siku zile alizokuwa akijisifu kwamba sigara haijamfanya kitu.

Moshi huingiaje mpaka humo na kuharibu? Watu wengi hudhani ni masizi yaliyojaa mapafuni, kwamba ukipata cha kuyasafisha umepona, ndiyo maana mitaani mwetu hakukosekani mtu wa kukuuzia chupa ya kusafisha mapafu. Usinunue. Masizi yapo kweli, na mapafu ya mvutaji huwa na madoa meusi, lakini uharibifu mkubwa hufanywa na mwili wenyewe ukijaribu kujilinda.

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000. Unapotua kwenye mirija midogo na vifuko, seli za kinga zinazokaa humo, makrofaji, huumeza na kuita msaada. Wanaoitikia ni chembe nyeupe za damu ziitwazo nutrofili, na hizi huja na silaha ya kuyeyushia vijidudu: kimeng'enya kiitwacho elastesi, kinachokata elastini. Makrofaji nazo zina vimeng'enya vyao vya aina hiyo. Ikiwa ni nimonia ya siku kumi, kinga huja, hupigana, huondoka. Lakini mtu anayevuta sigara kumi kila siku anaziita chembe hizo kila baada ya saa mbili akiwa macho. Kwa hesabu ya barua yako, miaka 44 ya sigara kumi kwa siku ni sigara zaidi ya laki moja na nusu.

Tuliyajua haya kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1963, huko Malmö nchini Sweden, Carl-Bertil Laurell na Sten Eriksson waliandika kuhusu wagonjwa wachache ambao damu yao ilikosa protini moja, alfa-1 antitripsini, na ambao wengi wao mapafu yalitoboka wakiwa bado na umri mdogo. Protini hiyo hutengenezwa kwenye ini na kazi yake ni kuikamata elastesi isije ikala nyama ya mwilini. Kisha katikati ya miaka hiyo ya 1960, watafiti wa Marekani walitia papaini kwenye mapafu ya panya, na mapafu yakatoboka vilevile. Papaini ndicho kimeng'enya cha papai, hilo papai bichi tunalolitwanga na kulipaka nyama ya mishkaki ilainike kabla ya kuipeleka motoni. Walichokiona kwenye panya hao ni kwamba si lazima moshi wenyewe uchome ukuta wa kifuko. Yatosha kimeng'enya cha kukata protini kiwe humo bila wa kukizuia.

Na moshi wa sigara hufanya yote mawili kwa pamoja. Unaziita chembe zenye elastesi, na papo hapo unamlemaza mlinzi. Alfa-1 antitripsini hushika elastesi kwa sehemu moja maalum, na sehemu hiyo ina kijenzi cha protini kiitwacho methionini ambacho kemikali za moshi hukiunguza. Kikishaunguzwa, mshiko hulegea. Baba yako huenda alizaliwa na protini hiyo tele, lakini kwenye kona za mapafu zilizopata moshi mwingi, hasa sehemu za juu, ilikuwepo bila nguvu.

Basi kuta kati ya vifuko hukatika. Vifuko kadhaa vidogo vinaungana kuwa shimo moja kubwa lenye kuta chache, na mahali pa kubadilishana hewa na damu panapungua. Hilo ni baya, lakini naliona la pili lake kuwa ndilo linalomtesa zaidi mzee kwenye ngazi. Mirija midogo haina gegedu la kuishikilia wazi. Hushikiliwa na kuta za vifuko vilivyoizunguka, zinazoivuta kutoka kila upande. Kuta zikikatika, mrija haushikwi tena, na mtu anapotoa pumzi kwa nguvu hujibana. Ongeza ute uliomo, ongeza ukuta wa mrija wenyewe uliovimba na kuwa na makovu, utaona kwa nini hewa inaingia lakini kutoka haitoki yote.

Akiwa ameketi, baba ana nafasi ya kutoa pumzi taratibu, na mambo huenda. Akipanda ngazi, tena ngazi za nyumba zetu za mawe zilivyo na mwinuko, mwili unataka hewa zaidi naye huanza kupumua haraka. Kabla pumzi ya kwanza haijamalizika kutoka, ya pili inaingia juu yake. Kifua kinajaa hewa iliyokwama. Kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, kinasukumwa chini na kuwa bapa, na msuli uliokwisha bapa hauna tena pa kuvuta. Ndiyo sababu yeye atakwambia "hewa haiingii", ilhali ukweli ni kwamba kifua kimejaa. Anaposimama katikati ya ngazi anangoja hewa ile ya zamani itoke. Mwache asimame, msimharakishe.

Sasa swali lako la pili, mbona ameacha lakini ugonjwa haumwachi. Elastini hutengenezwa zaidi wakati mtoto anapokua. Mtu mzima akijaribu kuifuma upya haifumi kwa mpangilio wa awali, na kifuko kilichokwisha kuvunjika hatuna dawa ya kukirudisha. Mirija iliyopotea haioti. Na zaidi ya hapo, kwa watu wenye ugonjwa huu uvimbe ndani ya mirija huendelea hata miaka baada ya sigara ya mwisho. Kinga ikishazoea vita haitulii upesi. Kwa hiyo waliosema hauponi wamesema kweli.

Lakini kutopona si sawa na kuendelea kuharibika kwa kasi ileile, na hapa ndipo ningependa mzee mwenyewe anisikie. Tunapima pumzi ambayo mtu anaweza kuitoa kwa sekunde ya kwanza akipuliza kwa nguvu zake zote. Kila mtu mzima hupoteza kidogo kila mwaka, hata asiyewahi kugusa sigara. Mwaka 1977 Charles Fletcher na Richard Peto, baada ya kuwafuatilia wanaume wafanyakazi wa London kwa miaka 8, walionyesha kwamba wavutaji walioathirika hupoteza kwa kasi zaidi, na kwamba wakiacha hawarudishiwi walichopoteza, ila kasi hurudi karibu na ya mtu wa kawaida. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, uliofuatilia wavutaji wenye dalili za mwanzo kwa miaka 11, ulipata kwamba wanaume walioendelea kuvuta walipoteza wastani wa mililita 66 kila mwaka, na walioacha moja kwa moja 30. Hebu fanya hesabu ya miaka kumi: mmoja amepoteza zaidi ya nusu lita, mwenziwe mililita 300. Kwa mtu ambaye pumzi yake imebaki lita moja na ushei, tofauti hiyo ndiyo ya kwenda msikitini kwa miguu au kusali nyumbani. Mzee huyo alifanya jambo zito kuacha baada ya miaka 44. Wale wa barazani wampongeze, au basi wanyamaze.

Najua pia watamtajia mzee fulani aliyevuta mpaka miaka tisini. Wapo. Si kila mvutaji hupata ugonjwa huu. Urithi, maradhi ya kifua ya utotoni, pumu, na jinsi mapafu yalivyokua tangu mtoto akiwa tumboni, vyote vina mkono. Hakuna ajuaye mapema yeye yuko upande gani.

Na huo moshi wa mama jikoni usiudharau. Katika nchi tajiri sigara ndiyo chanzo cha zaidi ya asilimia 70 ya ugonjwa huu, lakini katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni asilimia 30 hadi 40 tu, na moshi wa ndani ya nyumba ni miongoni mwa sababu kubwa za ule uliobaki. Kuni, makumbi, makaa, vyote hutoa chembe ndogo zinazofika kulekule kwenye mirija midogo, na wanawake wengi wasiowahi kushika sigara hutujia na kifua kilekile. Kama gesi yawezekana, hata kwa mapishi ya asubuhi tu, itafaa. Kama haiwezekani, jiko lihamishiwe mahali pa wazi, kuni ziwe kavu kabisa, na mzee asikae karibu. Udi na ubani vilevile: najua nyumba ya Amu, yaani Lamu yetu, bila chetezo siku ya Ijumaa ni kama haijakamilika, lakini kifukizwe yeye akiwa nje, madirisha yafunguliwe, kisha arudi.

Kabla ya yote, hakikisheni jina la ugonjwa limepatikana kwa kipimo na si kwa kusikiliza kifua tu. Kipimo chenyewe ni kupuliza kwenye mashine ya spirometa, kisha anavuta dawa ya kufungua mirija, kisha anapuliza tena. Ikiwa pumzi ya sekunde ya kwanza bado ni chini ya asilimia 70 ya pumzi yote aliyotoa, mirija imeziba kwa namna isiyofunguka kikamilifu. Ulizieni hospitali ya kaunti. Ikiwa kipimo hakipo wakati huo, ombeni barua ya kupelekwa Malindi au Mombasa. Belghamu nayo ipimwe kifua kikuu, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na yote mawili, na kifua kikuu cha zamani chenyewe huacha mapafu yenye kizuizi. Akikohoa damu, akikonda bila sababu au akitoka jasho usiku, msingoje. Moyo pia uangaliwe, hasa kama miguu inavimba.

Dawa zipo, na za kuvuta mdomoni ndizo msingi wake. Nimeona wagonjwa wengi wanaosema dawa haifanyi kazi, kumbe wananyunyizia ulimi. Mwambie anayempa dawa amwonyeshe mzee, kisha mzee naye amwonyeshe yeye. Chombo cha kupitishia dawa kinarahisisha sana. Kikikosekana, hata chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa chini ikakaza mdomo wa inhela, kile kikopo cha dawa ya kuvuta, hutumika, mhudumu wa afya atawasaidia kuitengeneza. Vidonge vya predinisoloni visiliwe kila kifua kinapobana kwa kununua tu dukani. Vina wakati wake, na vikizoeleka huharibu mifupa, sukari na macho. Chanjo ya homa ya mafua na ile ya nimonia, ulizieni.

Kitu ambacho hakina bei ni kutembea. Watu wenye kutweta huogopa kutembea, misuli ya miguu inadhoofika, na misuli dhaifu hudai hewa zaidi, basi wanatweta zaidi. Atembee kila siku barabara ya pwani jua likipunga, apumzike anapochoka, aendelee. Avute pumzi kwa pua, aitoe taratibu kwa midomo aliyoibana, kwa muda mrefu mara mbili ya ule wa kuvuta. Midomo ikibanwa hewa iliyomo ndani inabaki na shinikizo dogo linaloizuia mirija kujifunga. Kwenye ngazi, apande akitoa pumzi, asimame akivuta.

Baharini anaweza kwenda iwapo hana dalili mbaya, ila asiende peke yake na kuvuta nanga awaachie vijana. Kuhusu Ramadhani, dawa nyingi za muda mrefu huvutwa mara moja au mbili kwa siku, kwa hivyo hupangika wakati wa daku na futari. Ile ya dharura ni nyingine. Hukumu yake kwa aliyefunga mwulizeni sheikh wenu, lakini pumzi ikikaza aitumie pale pale. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kutweta, midomo ikigeuka rangi, akianza kusinzia au kuchanganyikiwa, hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo, hata kama ni kwa boti. Belghamu ikiongezeka ghafla na kugeuka kijani, aonwe siku hiyo au kesho yake.

Siku ya kipimo, asitumie inhela ya dharura ya kufungua mirija kwa saa nne kabla, isipokuwa pumzi zimekaza, na hapo atumie tu, kisha amwambie mpimaji. Asile akashiba sana, avae nguo zisizobana tumbo, na dawa zote anazotumia, pamoja na zile za mitishamba, zitiwe kwenye mfuko mmoja mwende nazo.